Amalia Lindegren, yatima aliyekuwa mchoraji

Mara nyingi twasikia watu wakisema: «Huko Ulaya mambo yote yalikuwa tayari tangu zamani. Msichana akiwa na akili, shule iko, mwalimu yuko, na fedha ya masomo iko.» Wasemao hivyo hudhani kwamba njia waliyopita wanawake wa Ulaya ilikuwa imekwisha fyekwa na kufagiliwa kabla wao hawajaikanyaga. Basi leo twataka kuwasimulia habari za bibi mmoja wa Uswidi, nchi ya kaskazini yenye misitu, maziwa na baridi kali. Jina lake Amalia Lindegren. Alikuwa mchoraji katika karne ya 19, na watu wa nchi yake walizipenda sana picha zake. Lakini siku alipokubaliwa kukaa darasani katika chuo kikubwa cha uchoraji cha mji wake, umri wake ulikuwa miaka 35 hivi. Tena hakuingia kwa haki, aliingia kwa ruhusa ya pekee.

Alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 22 Mei 1814. Mama yake aliitwa Anna Catharina Lindegren. Kuhusu baba, watu waliamini kuwa ni bwana mmoja wa ukoo wa kikabaila, Benjamin Sandels, ambaye hakuwa mume wa mama yake. Mtoto alipofika umri wa miaka mitatu, mama akafa. Ndipo mjane wa yule bwana Sandels akamchukua mtoto nyumbani kwake, akamlea.

Tusimame hapa kidogo. Mama huyo amefiwa na mumewe, kisha anapokea mlangoni pake mtoto anayesemwa kuwa ni wa mumewe kwa mwanamke mwingine. Wangapi katika mitaa yetu wangefungua mlango? Kwa hiyo hatutaki kumhukumu upesi. Walakini habari zilizobaki zasema kwamba Amalia hakuwa mtoto wa nyumba ile kama watoto wengine. Alikuwa mtu wa kuhurumiwa, na huruma yenyewe aliisikia kama aibu. Wale wanaowalea watoto wa ndugu zao waliokufa wanajua vizuri neno tunalotaka kulitaja: masimango. Mtoto aweza kula kila siku, akavaa nguo nzima, akalala mahali pa joto, na bado akakumbushwa, kwa neno moja au kwa jicho tu, ya kwamba kila kitu alicho nacho ni cha watu.

Wala hakuwa peke yake katika hali ile. Katika nchi ya Uswidi mapadri wa Kiluteri walikuwa na kazi ya kuandika katika vitabu vya parokia watu wote waliozaliwa, waliofunga ndoa na waliokufa, na tangu mwaka 1749 serikali ilikusanya hesabu hizo kutoka kila parokia. Ndiyo maana habari za watu wa kawaida wa Uswidi zajulikana kuliko za nchi nyingi. Hesabu hizo zaonyesha kwamba katikati ya karne ya 19, zaidi ya theluthi moja ya watoto waliozaliwa mjini Stockholm walizaliwa na wazazi wasiofunga ndoa. Mji ulijaa wasichana waliotoka vijijini kutafuta kazi za nyumbani, mishahara ilikuwa midogo, na wanaume wengi hawakuwa na uwezo wa kuoa, au hawakuwa na nia. Watoto hao wengi walikufa wadogo. Waliobaki walikua kama Amalia, au vibaya kuliko yeye.

Msichana wa nyumba ya kikabaila alifundishwa mambo ya kupendeza: kudarizi, kuimba, kusema Kifaransa, kuchora maua kidogo. Kuchora kulihesabiwa kama pambo la msichana, wala hakuna aliyetazamia kwamba pambo hilo litamlisha. Lakini Amalia alilishika. Alikaa na penseli yake, akanakili picha alizoziona, akajifunza mwenyewe kadiri alivyoweza. Miaka ikapita namna hiyo, mingi. Hatimaye mchonga sanamu mmoja mashuhuri wa Stockholm, Carl Gustaf Qvarnström, akaiona michoro yake, akatambua kwamba mkono ule haufanyi mchezo. Akaanza kumfundisha. Wakati huo Amalia alikuwa mtu mzima, umri ambao wanaume wachoraji wamekwisha maliza masomo yao na safari zao.

Sasa yafaa tueleze jinsi uchoraji ulivyofundishwa zamani zile, maana bila hayo hatutafahamu ugumu wa njia yake. Chuo kikubwa cha Stockholm kilikuwa Akademia ya Kifalme ya Sanaa, iliyoanza mwaka 1735. Mwanafunzi alipanda ngazi tatu. Kwanza alinakili michoro ya mafundi wengine. Alipoweza, akapelekwa mbele ya sanamu za jasi zilizofananishwa na sanamu za Wagiriki na Warumi wa kale, akazichora kutoka kila upande, apate kujua nuru na kivuli vinavyoangukia mwilini. Ngazi ya tatu ilikuwa mtu hai. Mtu aliajiriwa kusimama mbele ya wanafunzi bila nguo, saa nzima, kusudi wasome mifupa na misuli. Mtu asiyepita ngazi hii hakuweza kuchora vizuri mtu anayeinama, anayebeba, anayepigana au anayeanguka.

Wanawake hawakuruhusiwa kupanda ngazi ile ya tatu. Sababu iliyotolewa ni heshima, nasi twaifahamu. Lakini angalieni matokeo yake. Katika macho ya Akademia picha hazikuwa na cheo kimoja. Juu kabisa ziliwekwa picha kubwa za historia na za Maandiko Matakatifu, zilizojaa watu wengi wenye kutenda mambo. Chini yake zilikuja picha za sura za watu, kisha picha za maisha ya nyumbani, kisha mandhari, na chini kabisa maua na matunda. Basi mwanamke alinyimwa masomo ya mwili wa binadamu, kisha akaambiwa kwamba wanawake hawana akili ya kuchora mambo makubwa. Ni sawa na kumfunga mtu miguu, na halafu kumcheka kwa kuwa hatembei.

Kulikuwa na wachache waliopenya. Katika karne ya 18 Ulrika Pasch alichora sura za watu kwa miaka mingi mjini Stockholm, akaitunza nyumba pamoja na kaka yake, naye pia mchoraji, na mwaka 1773 Akademia ikampa heshima ya kuwa mmoja wa washiriki wake. Heshima, ndiyo, lakini kukaa darasani, hapana. Tena alikuwako Maria Röhl, yatima naye, aliyezaliwa mwaka 1801. Huyu alichora kwa penseli sura za watu wengi sana wa mji, wakubwa kwa wadogo, hata leo michoro yake yatunzwa katika Maktaba ya Kifalme kama daftari la nyuso za Stockholm kabla ya kamera kuenea.

Mwaka 1849 Akademia ikalegeza mlango kidogo. Wanawake wanne wakapewa ruhusa ya pekee kufuata masomo: Amalia Lindegren, Lea Lundgren, Agnes Börjesson na Jeanette Möller. Sheria ya chuo haikubadilishwa. Wanne hao waliambiwa waingie, na waliobaki nje wakabaki nje.

Kuhusu Agnes na Jeanette hatutasema mengi, ingawa wote wawili waliishi kwa kazi ya brashi. Lakini Lea Lundgren, aliyejulikana baadaye kwa jina la mumewe, Ahlborn, hatuwezi kumpita hivihivi. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mihuri ya sarafu katika kiwanda cha fedha cha serikali. Binti akajifunza kazi ya baba, akaiweza, na mwaka 1855 akathibitishwa katika cheo hicho, yeye mwanamke, mtumishi wa serikali. Aliendelea na kazi mpaka alipokufa mwaka 1897. Alichonga nyuso za wafalme watatu waliofuatana, Oscar wa Kwanza, Karl wa Kumi na Tano na Oscar wa Pili. Hata mkulima asiyekanyaga nyumba ya picha maisha yake yote, alikuwa amebeba kazi ya mwanamke huyo mfukoni mwake, akaitoa sokoni kununulia chumvi.

Turudi kwa Amalia. Mwaka 1850, mwaka mmoja tu baada ya kukubaliwa, Akademia ikampa fedha ya safari ili akasome Paris. Kabla yake hakuna mwanamke aliyepewa fedha hiyo. Wachoraji vijana wa kiume walikuwa wakiipata tangu zamani, wakaenda Ufaransa na Italia, wakarudi na sifa. Sasa ikatolewa kwa mwanamke wa miaka 36, asiye na baba wa kumtetea.

Paris ya miaka ile ilikuwa mji wenye kelele. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalikuwa yamepita juzi tu, na Desemba 1851 Louis Napoléon akanyakua serikali kwa nguvu. Katika mji huo Amalia alijifunza kwa mwalimu Léon Cogniet, kisha kwa Ange Tissier. Cogniet alikuwa na darasa la wanawake peke yao, na dada yake alimsaidia kuliongoza. Msishangae: shule kubwa ya sanaa ya serikali ya Ufaransa ilikuwa imewafungia wanawake mlango, na haikuwafungulia mpaka mwaka 1897. Basi hata Paris, mji uliosifiwa duniani pote, msichana mwenye kipawa alipaswa kutafuta mwalimu wa faragha na kumlipa. Mahali palipokuwa wazi kwa wote ni jumba la Louvre, ambako wanawake wengi walisimama mbele ya picha za mafundi wa kale, wakazinakili. Nakala hizo ziliuzwa, nyingine zikatundikwa makanisani. Mnamo miaka hiyohiyo bibi mmoja Mfaransa, Rosa Bonheur, alikuwa akichora picha kubwa mno ya soko la farasi, na ilipoonyeshwa mwaka 1853 watu walistaajabu. Amalia hakuwa mtu wa farasi wala wa vitu vikubwa. Alichojifunza Paris ni kuijenga picha: watu wakae wapi, nuru iingie kwa dirisha lipi, rangi gani inyamaze ili nyingine isikike.

Kutoka huko akaenda Munich katika Ujerumani, na Roma, kati ya mwaka 1854 na 1855. Kisha akarudi nyumbani, na mwaka 1856 Akademia ikamchagua kuwa mshiriki wake.

Hapa liko jambo ambalo lilitufanya tucheke kwanza, kisha tusicheke tena. Kwa sheria za Uswidi za wakati ule, mwanamke asiyeolewa, hata awe na mvi, alihesabiwa kama mtoto. Alikuwa chini ya mwangalizi, mwanaume, aliyesimamia mali yake, isipokuwa kama mfalme alimpa ruhusa ya pekee kujitawala. Mwaka 1858 ndipo sheria ilipomruhusu kwenda mbele ya baraza la hukumu kuomba ahesabiwe mtu mzima, akitimiza miaka 25. Na mwaka 1863 haki hiyo ikawa ya wote wasioolewa, bila kuomba. Kwa hiyo mwaka 1856 mtu aliweza kukaa kati ya wakubwa wa sanaa wa nchi, amesoma Paris na Roma, ana miaka 42, na bado sheria ikamwita mtoto. Mwaka huohuo mwandishi Fredrika Bremer alitoa hadithi yake «Hertha», iliyowashtua Waswidi kwa habari hizohizo, na watu wakabishana sana mpaka bungeni.

Amalia hakuandika vitabu vya kubishana. Alichukua rangi zake akaenda Dalarna.

Jina hilo, Dalarna, maana yake ni Mabonde. Ni jimbo la wakulima, kaskazini-magharibi ya Stockholm, kandokando ya ziwa kubwa la Siljan. Mwaka 1857 reli ilikuwa haijafika huko. Mtu alisafiri kwa gari la farasi na kwa mashua. Lakini mchoraji hakubeba tena mzigo mzito kama babu zake, kwa kuwa tangu mwaka 1841 rangi za mafuta zilianza kuuzwa katika vifuko vidogo vya bati laini, vya kukamuliwa kwa kidole. Zamani fundi alisaga rangi yake mwenyewe, au kuitia katika kibofu cha nguruwe, na ilikauka upesi.

Watu wa Dalarna waliwapendeza wachoraji kwa sababu nyingi. Kila parokia ilikuwa na mavazi yake, hata ukimwona mwanamke njiani waweza kutaja kanisa lake kabla hajafungua kinywa. Siku ya Jumapili watu wa vijiji vya ziwani walipanda mashua ndefu za kanisa, wakapiga makasia wote pamoja kwenda kusali. Tena walikuwa watu wenye kiburi chao. Walikumbuka kwamba mnamo mwaka 1521 babu zao walimfuata Gustav Vasa kupigana na mfalme wa Denmark, na kwa vita hiyo Uswidi ikapata mfalme wake. Ardhi yao haikuwa na rutuba nyingi, basi wengi walikwenda Stockholm kutafuta kazi za msimu. Wanawake wa Dalarna walijulikana mjini kwa kupiga makasia katika mashua za kuvusha watu. Amalia alikuwa amekwisha waona tangu utoto, nyuso zao zimechomwa na upepo. Sasa aliwafuata kwao.

Katika miaka hiyo wachoraji wengi wa nchi za kaskazini waliokwenda kusoma Düsseldorf, katika Ujerumani, walianza kuchora maisha ya wakulima: sala za nyumbani, arusi, mazishi, wazee wanaosoma. Mnorwe Adolph Tidemand alikuwa ametangulia mwaka 1848 na picha ya wakulima wanaomsikiliza mhubiri ndani ya nyumba ya moshi. Waswidi wakafuata. Amalia naye alitembea njia hiyo, lakini aliingia chumba ambacho wanaume wengi walikipita haraka.

Mwaka 1858 alimaliza picha iliyomletea sifa kuliko zote. Kwa Kiswidi yaitwa «Lillans sista bädd». Lillan ni jina la kubembeleza ambalo Waswidi humwita mtoto wa kike mdogo nyumbani, kama sisi tunavyosema kitinda mimba, au kadogo ketu. Basi maana yake ni «Kitanda cha mwisho cha kadogo ketu». Mtoto wa kike amekufa. Amelazwa kitandani, na watu wa nyumba yake, wakulima wa Dalarna, wamekuwa pamoja naye katika chumba kilekile wanamoishi. Hakuna malaika anayeshuka. Hakuna mfalme wala shujaa. Hakuna hata jina lake.

Katika Uswidi ya miaka ile, katika kila watoto 100 waliozaliwa, karibu 15 hawakumaliza mwaka mmoja. Na baada ya mwaka huo yalifuata magonjwa mengine, surua, kifaduro, homa ya koo. Ilikuwa vigumu kupata nyumba ambayo haikuwahi kutengeneza jeneza dogo. Padri aliandika katika kitabu: jina, tarehe, ugonjwa. Mstari mmoja. Kisha akageuza ukurasa, maana walikuwapo wengine. Amalia alichukua mstari mmoja wa kitabu kile, akaukuza ukawa picha iliyotundikwa mbele ya watu wakubwa wa nchi, wasimame, wautazame.

Na wakasimama. Picha ile ilipelekwa Paris kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1867, tena ikavuka bahari mpaka Philadelphia, katika Marekani, mwaka 1876. Twajiuliza ni wahamiaji wangapi wa Kiswidi waliiona kule. Kati ya mwaka 1867 na 1869 njaa ilikuwa imewapiga vibaya, na maelfu kwa maelfu walikuwa wamehamia Marekani, wakaacha nyuma makaburi ya watoto wao wasiotegemea kuyaona tena.

Wengine walisema baadaye kwamba picha kama hizo ni za machozi mepesi, za kubembeleza moyo wa mtazamaji. Neno hilo si la kutupwa lote. Nasi twakiri: katika baadhi ya picha zake wakulima ni safi mno, huzuni zao zimepangwa vizuri mno, kama watu waliokaa mbele ya mpiga picha. Sakafu ya nyumba ya mkulima haikuwa safi namna ile wakati wa matope. Mwaka 1860 alitoa picha nyingine, «Jumapili jioni katika nyumba ya Dalarna», na watu waliipenda mno, kwa sababu ilionyesha jamaa ya kijijini katika raha ya siku ya Bwana, jambo ambalo wakaaji wa mji walitamani kuliamini. Baba mpole, mama mwenye furaha, msichana mdogo mwenye uso wa huzuni: watu hao warudi tena na tena katika kazi zake, na anayekumbuka utoto wake hana haja ya kuuliza walitoka wapi.

Lakini kwa picha ya Lillan hatukubali. Wenye kuicheka, tunadhani, hawajakaa usiku kucha karibu na kitanda cha namna ile. Wanawake wa parokia zetu waliomwosha mtoto mara ya mwisho hawatauliza kama mchoraji amezidisha. Watauliza tu nani alimfunga Lillan macho.

Tusidhani ya kuwa aliishi kwa picha za wakulima peke yake. Chakula cha mchoraji wa wakati ule kilitoka zaidi katika sura za watu. Watu wenye mali waliagiza kuchorwa, wao na watoto wao, na Amalia alikuwa na mkono wa uangalifu ambao wateja waliupenda. Hata Malkia Lovisa, mke wa mfalme Karl wa Kumi na Tano, alichorwa naye. Mtoto aliyelelewa kwa masimango akakaa ana kwa ana na malkia, akamwomba ageuze kichwa kidogo kuelekea dirishani, na malkia akageuza. Hakuolewa. Alijitegemea kwa kazi ya mikono yake, jambo lililokuwa gumu kwa bibi wa tabaka lake, ambaye kazi iliyofikiriwa kumfaa ilikuwa kufundisha watoto wa matajiri nyumbani mwao.

Mwaka 1864 Akademia ikafungua mlango kwa sheria, si kwa upendeleo tena. Sehemu ya wanawake ikaanzishwa, na wasichana wakaja na makaratasi yao chini ya kwapa. Amalia alikuwa na miaka 50. Zilikuwa zimepita nusu karne za maisha yake kabla ya kuona jambo ambalo angelihitaji akiwa na miaka 16. Ni haki kusema pia kwamba wale wanne wa mwaka 1849 hawakuufungua mlango huo peke yao. Sheria za nchi zilikuwa zikibadilika kila upande, kazi za biashara na ufundi ziliachiwa huru mwaka huohuo wa 1864, na familia nyingi zenye mabinti wasioolewa zilihitaji njia ya kuwalisha. Lakini mkuu wa chuo aliyetaka kusema kwamba mwanamke hawezi, alikuwa na Lea na sarafu zake mbele ya macho, na alikuwa na Amalia na Lillan wake.

Katika mwaka huo wa 1864, mwezi wa Januari, alizaliwa Stockholm mtoto wa kike aliyeitwa Hanna Hirsch. Alipokua aliingia Akademia kama mwanafunzi wa kawaida, akafika Paris mwaka 1885, na mwaka 1887 akachora meza ya kifungua kinywa bustanini, kitambaa cheupe chenye madoa ya jua yanayopita katikati ya majani. Wazee walinung'unika. Mkosoaji mmoja hata alimdhihaki kwamba alikuwa amepangusia brashi zake kwenye kitambaa kile cha meza. Vijana wa rika la Hanna walitaka uchoraji mpya, wa nje, wa nuru ya kweli, na mwaka 1885 wachoraji 84 walitia sahihi barua ya kuidai Akademia ibadilike. Kwao picha za Amalia zilikuwa mambo ya bibi zao, rangi za kahawia na machozi. Hivyo ndivyo ilivyo: waliopita mlangoni kwa urahisi hawakuwa na sababu ya kutazama bawaba.

Yeye mwenyewe alikuwa mzee wakati huo, na jina lake lilikuwa limeanza kusahauliwa. Alikufa Stockholm tarehe 27 Desemba 1891, siku ya pili baada ya Noeli, mwenye umri wa miaka 77. Kwa muda mrefu vitabu vya sanaa vilimtaja kwa mistari michache, kama padri alivyowataja watoto wale wa Dalarna. Miaka hii ya karibu wataalamu wa Uswidi wamewatafuta tena wanawake wachoraji wa karne ile, wakazitoa picha zao ghalani, wakazifuta vumbi, na jina la Amalia Lindegren lasomwa tena chini ya picha zake.